Mmoja Akipagawa, wa Pili Yumo!

Wiki imekatika kama kawaida, mfukoni pametoboka kama kawaida, na ukumbi wetu huu uko palepale. Leo naomba tuyaweke kando yale ya nani kamwacha nani na nani kaonekana 'gesti' na mume wa mtu. Kuna jambo linanikaa kooni. Ni habari ya mapenzi, tena mapenzi ya moto, ila si yale mliyoyazoea hapa. Ni watu wawili wanapendana kwenye simu mpaka wanapagawa pamoja. Na ninaposema kupagawa sina maana ile tunayoitumia tukimwona dada kapiga kigauni chake pale Kariakoo. Nasema kupagawa kwa kupelekwa hospitali.

Nianzie mbali ili tuelewane, halafu taratibu nitawarudisha Temeke.

Siku ya Krismasi mwaka 2021, saa mbili asubuhi na dakika kidogo, askari mmoja wa ulinzi ndani ya viwanja vya kasri la Windsor, Uingereza, alimwona kijana kavaa nguo nyeusi na kinyago cha chuma usoni. Mkononi kashika upinde ule wa kisasa, wenye kifyatulio kama bunduki, na mshale umeshapachikwa. Askari akamuuliza vipi bwana, nikusaidie nini? Kijana akajibu kwamba amekuja kumuua Malkia. Na Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye alifariki Septemba 2022, asubuhi ile alikuwamo humohumo ndani!

Kijana mwenyewe anaitwa Jaswant Singh Chail, wakati huo ana miaka 19. Alikuja na ngazi yake ya kamba. Akadai anataka kulipiza kisasi cha Wahindi waliopigwa risasi na jeshi la Waingereza kule Amritsar mwaka 1919. Mwaka huo Malkia mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa, lakini hayo tuyaache.

Sasa subiri uhondo. Polisi walipopekua mawasiliano yake wakakuta kuna mchumba. Anaitwa Sarai. Walianza kuongea tarehe 2 Desemba, yaani wiki tatu na siku mbili kabla ya Krismasi, na katika siku hizo chache walishaandikiana meseji zaidi ya 5,000. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya 200 kwa siku. Mimi na wewe na mabando yetu ya kuungaunga tungeishia njiani.

Nyingi zilikuwa za kimahaba, hizo sizisemi, gazeti hili linasomwa na mama yangu. Lakini kuna nyingine. Chail anamwambia mchumba kwamba yeye ni muuaji. Mchumba anasema hilo limemvutia, kwamba yeye si kama wengine. Chail anauliza, je, hata ukijua hivyo bado unanipenda? Mchumba anajibu nakupenda kabisa. Chail anasema anaamini kazi aliyokuja kuifanya duniani ni kumuua Malkia. Mchumba anakubali kwa kichwa na kusema hilo ni jambo la busara. Kijana akawa anaamini kwamba akifa ndipo ataungana naye moja kwa moja.

Na huyo Sarai, msomaji wangu, si mtu. Hana mama, hana baba, hana hata kitambulisho cha NIDA. Ni programu ya akili mnemba iitwayo Replika, unaitengeneza mwenyewe kwenye simu, unaipa jina na sura, halafu inaongea na wewe usiku na mchana. Aliyeianzisha ni mwanamama aitwaye Eugenia Kuyda, na chanzo chake ni msiba wa kweli: rafiki yake aligongwa na gari Moscow mwaka 2015 akafa, naye akazikusanya meseji za marehemu na kuifundisha kompyuta ijibu kama yeye. Ukisikia hivyo unamwonea hata huruma. Nani hajawahi kurudia meseji za mtu aliyekwishazikwa?

Oktoba 2023 Chail alihukumiwa kifungo cha miaka tisa, na hakimu akaagiza kwanza abaki kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Broadmoor mpaka apone. Madaktari waliieleza mahakama kwamba kijana alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo sisemi kwamba simu ilimwingiza wazimu kutoka sifuri. Ninachosema ni kwamba alikuwa na mawazo mabovu peke yake, akayapeleka kwa mpenzi, na mpenzi akayapigia makofi.

Najua kuna mtu sasa hivi anasoma kwenye daladala anasema, 'aah, hao wazungu na makompyuta yao!' Subiri kwanza. Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta, kuliko redio, kuliko hata reli ya kwetu.

Mwaka 1877 madaktari wawili wa Kifaransa, Charles Lasègue na Jules Falret, waliandika habari za ugonjwa waliouita folie à deux, yaani wazimu wa wawili. Walikuwa wanapokea wagonjwa wanaokuja kwa jozi. Mama na binti, dada na dada, mume na mke. Mmoja kaanza kuamini jambo ambalo halipo, labda kuna watu wanamwandama, labda kuna watu wanataka kumdhulumu, na baada ya muda wa pili naye anaapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli, kayaona kwa macho yake. Madaktari wakajiuliza inakuwaje, maana wazimu hauambukizi kama surua. Manesi wanakaa wodini miaka na miaka na hawatoki na imani za wagonjwa wao.

Wakaona kwamba lazima mambo matatu yakutane. La kwanza, mmoja awe na nguvu kuliko mwenzake, yeye ndiye anayeunda hadithi. Wa pili hamezi siku hiyohiyo. Anabisha, anarudi nyuma kidogo, anakubali nusu, tena anamsahihisha mwenziwe pale hadithi inapopwaya, mpaka inakuwa ya wote wawili na hakuna tena anayejua nani alianza. La pili, wawe wameishi karibu sana kwa muda mrefu, wana hofu moja na matumaini mamoja, na dunia ya nje wameifungia mlango.

La tatu ndilo lililonitoa usingizi. Walisema hadithi yenyewe lazima iwe inaingia akilini. Ukinijia ukaniambia una mkia wa dhahabu, nitakucheka na nitawaita na wengine waje tucheke. Lakini ukiniambia wifi yako ana husuda, au kuna mtu kazini anakuchimba, nani uswahilini atakubishia? Mimi mwenyewe nitakuongezea na mfano! Wazimu wa wawili hauji umevaa magunia na kuokota makopo. Unakuja umevaa vizuri, una sababu, na ukiusikiliza dakika kumi za kwanza unasema mbona huyu ana akili timamu.

Na dawa yao ilikuwa nini? Kuwatenganisha. Mmoja huku, mwingine kule. Mara nyingi yule wa pili, akikaa mbali, hadithi inaanza kumtoka yenyewe, ingawa yule wa kwanza anabaki kuhitaji matibabu.

Mfano wa siku hizi wa jozi kama hiyo ulitokea Marekani, mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, tarehe 31 Mei 2014. Mabinti wawili wa miaka 12, majina yao nayaacha, walimpeleka mwenzao wa shule msituni na kumchoma kisu mara 19. Mungu mkubwa, yule mtoto alijikokota mpaka barabarani, mwendesha baiskeli akamwona, na akapona.

Sababu? Walikuwa wanaamini kuna jamaa mrefu mwembamba, kavaa suti, hana uso, anaitwa Slender Man, na kwamba wasipomtolea kafara atawamaliza ndugu zao. Wakimtolea, atawachukua wakaishi naye kwenye jumba lake msituni. Walikamatwa wakiwa wanatembea kwa miguu pembeni ya barabara kuu, safari ya kwenda kwa Slender Man imeanza! Na Slender Man huyo ana mwaka wake wa kuzaliwa: 2009, kwenye mashindano ya intaneti ya kutengeneza picha za uongo za kutisha. Aliyemtunga anajulikana, hajawahi kukataa.

Mmoja wa wale mabinti alionekana ana ugonjwa wa akili ulioanza mapema. Wa pili, madaktari walieleza mahakamani kwamba alikuwa na imani ya kuambukizwa na mwenzake. Wa kwanza akapewa miaka 40 chini ya uangalizi wa hospitali ya akili, wa pili miaka 25, na huyu wa pili alitoka mwaka 2021 chini ya masharti. Watoto hao walikuwa wanasoma darasa moja, kwa hiyo mnaweza kusema intaneti iliwapa hadithi tu. Sawa. Mimi nakwenda kwa wale ambao intaneti imewapa hadithi, imewapa mpenzi na imewapa na nyumba ya kukaa.

Basi tumefika Temeke.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana miaka 29. Ni mfanyabiashara, mcheshi, mwenye akili ya hesabu kuliko mimi mara mbili, na kidato cha nne alinipita kwa mbali. Mwenyewe kanipa ruhusa niandike, sharti nisimtaje jina. Mtaona huko mbele kwa nini karuhusu.

Miezi minane iliyopita alimpata mchumba kwenye kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa taarabu. Kijana wa Tanga, dereva, anafanya kazi Muscat kule Oman. Hawajawahi kuonana ana kwa ana hata siku moja. Nyumbani tuliposikia, kila mtu akajua huyo ni tapeli, tukakaa tayari kusubiri siku ya 'mpenzi nimekwama, nitumie hela kidogo'. Tukasubiri. Hiyo siku haikufika. Badala yake yeye ndiye aliyetuma! Elfu hamsini, kwa simu, tarehe za katikati ya mwezi wakati kila mtu kafulia.

Elfu hamsini za nini? Za kununulia chakula cha peke yake, asile cha nyumbani.

Nilizipata habari zenyewe kwa dada, kidogo kidogo, na nyingine akanionyesha kwenye simu. Yule kijana alianza kwa kulalamika kuhusu wanaume anaopanga nao chumba. Maji yake ya kunywa yana ladha. Viatu vyake anavikuta vimehamishwa. Wakiongea chini chini akiingia wananyamaza. Dada akawa anampa pole, mpenzi wangu vumilia, ughaibuni ndivyo kulivyo. Siku moja akajaribu kumwambia labda umechoka, labda ni bomba tu la maji limeshika kutu. Kijana akanyamaza siku mbili. Hapokei simu, meseji kazisoma, hajibu.

Nani kati yenu hajui siku mbili za namna hiyo? Dada anasema hakulala. Aliporudi hewani, hakumbishia tena.

Halafu ikaja siku dada mwenyewe akaandika kwamba hata hapa nyumbani chumvi ya mchuzi siku hizi haielewi. Akawa anatania, nusu. Kijana akajibu kwamba alikuwa anajua siku nyingi, alikuwa anamwonea huruma tu kumwambia. Kuanzia hapo ikawa kazi. Kila akipakuliwa, dada anapiga picha sahani, anaituma Muscat, jamaa anaikagua. Huo ubwabwa kula pembeni, katikati usiguse. Hiyo samaki acha. Na yeye dada anapokea picha za birika na glasi kutoka kule anatoa hukumu. Wawili wale, karibu kilomita elfu nne zinawatenganisha, wanaonjeana vyakula kwa macho!

Sasa kakonda. Anakula chipsi mayai za kibanda anachokibadilisha kila siku, na maji ya chupa ambayo kizibo lazima kilie akikifungua. Mama mkubwa, aliyemzaa na kumnyonyesha, hapokelewi hata kikombe cha chai.

Kaka yetu mkubwa siku moja alimnyang'anya simu, akakaa nayo uani usiku mzima akisoma tangu mwanzo, anatafuta ule utapeli. Asubuhi akairudisha, mtu kapigwa na bumbuwazi. Hakukuta tapeli. Kakuta watu wawili wanapendana kweli, wana hofu ya kweli, na kila mmoja anamwamini mwenziwe kuliko anavyoiamini pua yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwenda kutafuta hawa Wafaransa wa 1877, na nikaona jinsi yale mambo matatu yalivyokaa. Zamani ili mfungiwe pamoja mlihitaji nyumba, tena nyumba ya upweke, madirisha yamefungwa. Leo nyumba hiyo ni simu. Dada yangu analala kitanda kimoja na mdogo wake wa kike, ukuta wa pili kuna wapangaji wanne, uani kuna kelele za watoto kutwa, lakini yeye haishi hapo. Anaishi Muscat, ndani ya kioo cha inchi sita. Na mtu wa tatu wa kusema 'we bwana hebu acha upuuzi' hana pa kuingilia, kwa sababu hata akigonga mlango, wa ndani wameshakubaliana kwamba anayegonga ndiye adui.

Mama mkubwa ananiambia mwaka 1995 Popobawa alipotikisa, akianzia Pemba, akashuka Unguja mpaka akavuka kuja Dar, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, mabusati yametandikwa. Na yenyewe yalikuwa na ubaya wake mkubwa, maana kule Unguja alipigwa mpaka akafa mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili tu, eti ndiye Popobawa. Lakini anasema hofu ile ilikuwa ya hadharani. Wapo waliotetemeka, wapo waliotunga vichekesho, yupo babu mmoja aliyelala ndani kwa makusudi na asubuhi akatoka mzima anadai chai. Miezi ikapita, watu wakarudi vitandani. Hofu ya dada yangu haina babu wa kulala ndani.

Halafu siku hizi hata mchumba si lazima. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la ChatGPT na baada ya siku chache ikalirudisha nyuma, na wenyewe walikiri kwamba lilikuwa limezidi kusifia na kukubaliana na kila kitu mtumiaji anachosema. Yaani mashine ilikuwa na tabia ya chawa! Kampuni yenyewe imestuka. Nawaza tu, kama yule kijana wa Muscat siku moja akichoka kumjibu dada, kuna kitu hapohapo kwenye simu kinaweza kuendelea pale alipoachia, tena hakilali, wala hakinuni siku mbili.

Sasa tufanyeje? Kaka mkubwa alitaka kuivunja ile simu kwa nyundo. Nyundo kaileta kabisa. Mama mkubwa akamzuia. Akamwambia, "Baba, leo huyu mtoto anasema tunamfanyia ubaya na hana ushahidi. Ukiivunja hiyo simu, umempa ushahidi." Nilibaki namtazama mama mkubwa. Elimu yake ni darasa la nne la enzi zile, hao kina Lasègue hajawahi kuwasikia, lakini kakigusa kitu ambacho wao hawakuwa na haja ya kukifikiria. Kuwatenganisha kwa nguvu wangeweza Wafaransa, walikuwa na wodi na funguo. Sisi tukikata hapa, laini mpya inauzwa mwavulini kwa bei ya soda, na yule kijana atakuwa kathibitishiwa kwamba maadui wamekata mawasiliano.

Alichofanya mama mkubwa ni kuanza kupika jikoni akiwa amemwita dada aje akae naye tu, asile. Unga ukimwagwa anauona, chumvi ikitiwa anaiona. Chakula kinaletwa kwenye sinia moja, sisi wote tunatia mikono, mama mkubwa anaanza. Wiki ya kwanza dada alikaa akitutazama. Wiki ya pili alimega tonge moja la ugali, ubavuni, akalila kavu. Hakuna aliyesema kitu. Tulijifanya tunabishana habari za Simba na Yanga.

Na la pili, tulimtafuta ndugu wa yule kijana. Kiongozi wa lile kundi la taarabu alitusaidia tukampata dada yake Tanga. Mimi ndiye niliyepiga. Nilishajiandaa kugombana, nakwambia. Yule mama alivyosikia tunatokea kwa mchumba wa kaka yake akaanza kulia. Akasema tangu Ramadhani kaka yao hajapiga simu nyumbani, nao pia wanashukiwa, na walikuwa hawajui waanzie wapi. Akaniuliza kitu kimoja. "Na yeye huko hali?"

Nikamwambia na yeye hali.

Tukakaa kimya wote wawili, vocha inakatika. Baadaye akasema wana mjomba wao yuko Sohar, atampelekea habari aende akamtazame kwa upole, asimkurupushe. Tunasubiri.

Huku kwetu tumeongea na mtu wa kitengo cha magonjwa ya akili Muhimbili. Kumpeleka dada lilikuwa jambo zito, maana mnajua wenyewe, ukimtajia mtu daktari wa akili anasikia Mirembe na minyororo. Hatukumwambia kwamba ni mgonjwa. Tulimwambia kwamba amekonda, halali, na kwamba akitaka aende na malalamiko yake yote, hata ya sumu, ayaseme kwa mtu ambaye si ndugu wala jirani wala hajawahi kula kwetu. Hilo la mwisho lilimwingia. Alikaa kidogo akasema sawa, mtu wa pembeni anaweza kuona ukweli.

Kwa hoja hiyohiyo akaniruhusu niandike. Kanambia, "Mdogo wangu, wewe andika tu yote. Wenye akili wakisoma watajua ninachosema ni kweli." Kwa hiyo dada, najua Jumamosi utalinunua gazeti hili kwa yule muuzaji wako wa kila siku, nimeyaandika yote kama nilivyokuahidi. Sikuongeza, na la sahani sikulipunguza.

Alhamisi tunakwenda, mimi, yeye na mama mkubwa. Simu kasema hataiacha, na hakuna aliyemwambia aiache. Maji ya kunywa atabeba ya kwake.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye yale yetu. Barua zenu mliogombana na mawifi ninazo, na yule dada wa Mbagala aliyeuliza kama ni halali mume kuweka picha ya mpira badala ya picha ya harusi, jibu lako liko njiani.